ANAYEBEBA MAJI ASIKILIZWE

Somo kwa vikundi vya akina mama, akina baba na vijana

Somo letu la leo linahusu maji na wale wanaoyabeba. Tutajifunza habari za wanawake wa Amerika ya Kaskazini walioanza kuzunguka maziwa yao kwa miguu wakiwa wamebeba ndoo ya maji, na jinsi safari hiyo ilivyowafikisha mpaka kwenye baraza la viongozi. Ni vizuri somo lisomwe kwa sauti katika kikundi, maana wako wenzetu wasiojua kusoma ambao kwa habari za maji wanajua kuliko sisi wenye kalamu.

1. MAZIWA MAKUU MENGINE

Sisi tukisikia "Maziwa Makuu" tunafikiri kwetu: Tanganyika, Kivu, Edward, Albert na Victoria. Lakini yako Maziwa Makuu mengine, kwenye mpaka wa Kanada na Marekani. Ni matano: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario. Ukipima eneo, Ziwa Superior ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya dunia yasiyo na chumvi, na Ziwa Victoria linalifuata. Maziwa hayo matano kwa pamoja yana karibu sehemu moja kwa tano ya maji yote yasiyo ya chumvi yaliyo juu ya uso wa dunia, bila kuhesabu barafu. Ziwa letu la Tanganyika, kwa sababu ya kina chake kinachofika mita 1,470 hivi, lina karibu sehemu moja kwa sita.

Kando ya maziwa hayo ya Amerika wanaishi Waanishinaabe, ndio Waojibwe, Waodawa na Wapotawatomi. Hao ni wenyeji wa asili, waliokuwepo karne nyingi kabla Wazungu hawajafika. Kwetu tungeweza kufikiri juu ya Wambuti na Watwa, watu waliotangulia na ambao mara nyingi wanasahauliwa katika nchi yao wenyewe.

Mtu atauliza: watu wenye maji mengi namna hiyo wana shida gani? Sisi tuliotoka Uvira, Baraka na Kalemie tunajua jibu. Unaweza kuzaliwa kando ya ziwa kubwa na bado ukose maji safi ya kunywa. Tuangalie mifano miwili.

Kati ya mwaka 1962 na 1970, kiwanda kimoja cha karatasi katika mji wa Dryden, Kanada, kilitupa zebaki tani zipatazo 9 katika mto. Zebaki ikaingia ndani ya samaki, na kutoka kwa samaki ikaingia ndani ya watu. Jamii ya Grassy Narrows, iliyoishi kwa uvuvi, imeugua kwa sumu hiyo kizazi baada ya kizazi.

Mfano wa pili. Tangu mwaka 1919 mji wa Winnipeg unapata maji yake kutoka Ziwa Shoal, kwa njia ya mfereji mrefu kupita kilomita 150. Mfereji huo ulijengwa katika ardhi ya Waanishinaabe wa jamii inayoitwa Shoal Lake 40. Mji ukanywa maji safi, lakini wenye ziwa, kuanzia mwaka 1997, waliambiwa wasinywe maji ya bomba zao bila kuyachemsha. Walikaa hivyo miaka 24, mpaka mtambo wao wa kusafisha maji ulipofunguliwa mwaka 2021. Ndugu zetu mliohamia Winnipeg, mkifungua robine nyumbani kwenu, kumbukeni maji hayo yanatoka kwa nani.

2. NENO LA MZEE

Miaka ya 2000 ilipoanza, mzee mmoja wa Waanishinaabe, jina lake Edward Benton-Banai, alisema katika mkutano wa kimila kwamba siku zinakuja ambapo maji yatauzwa kwa bei ya dhahabu, kipimo kwa kipimo. Kisha akawauliza waliokuwepo: mtafanya nini?

Katika wasikilizaji alikuwemo mama mmoja aitwaye Josephine Mandamin. Alizaliwa mwaka 1942 huko Wikwemikong, katika kisiwa cha Manitoulin ndani ya Ziwa Huron. Alikuwa tayari nyanya, koko mwenye wajukuu. Hakuwa waziri wala tajiri. Lile swali halikumwacha. Akazungumza na wanawake wenzake, nao wakakubaliana jambo rahisi sana: watachukua maji ya ziwa katika ndoo, watayabeba kwa miguu kuzunguka ziwa zima, na njiani watawaambia watu kwamba maji ni mgonjwa.

Mwaka 2003 walizunguka Ziwa Superior, safari ya zaidi ya mwezi mmoja. Mwaka 2004 wakazunguka Ziwa Michigan, 2005 Huron, 2006 Ontario, na 2007 Erie. Matembezi hayo yaliitwa Matembezi ya Maji ya Mama Dunia. Mama Mandamin aliendelea karibu mpaka mwisho wa maisha yake. Inahesabiwa kwamba alitembea zaidi ya kilomita 17,000. Alifariki mwaka 2019.

3. NDOO HAISIMAMI

Matembezi haya yana taratibu zake, na taratibu hizo ndizo zenye mafundisho. Tuzitazame moja moja.

Kwanza, ndoo ni ya shaba, madini yale yale yanayochimbwa kwetu Katanga. Si kubwa, lakini mikono inachoka. Anayeibeba ni mwanamke.

Pili, mwendo unaanza alfajiri, na tangu hapo mpaka jioni maji hayasimami, kwa sababu mto nao hausimami. Mama mmoja akichoka, mwingine anapokea ndoo huku wote wanaendelea kutembea. Hakuna anayebeba peke yake mpaka mwisho, wala hakuna anayekaa kando akitazama tu.

Tatu, kando ya mwenye ndoo anatembea mwenye fimbo iliyopambwa kwa manyoya ya tai. Mara nyingi huyo ni mwanamume. Kazi yake ni kumlinda na kumsindikiza mwenye maji. Wanaume wengine wanaendesha magari ya kusaidia, wanapika, wanatafuta mahali pa kulala. Wapo, tena wanahitajika sana, lakini ndoo haiko mikononi mwao.

Nne, wakivuka kijito au mto wanasimulia shukrani na kuomba kwa desturi yao. Hawavuki maji kama mtu anayeruka tope.

Tano, kila mji wanaopita watu wanatoka kuwauliza: mnakwenda wapi na ndoo hiyo? Hapo ndipo mafundisho yanapoanza. Hawakuhitaji redio wala jukwaa. Mwanamke anayebeba maji kando ya barabara ya lami, magari makubwa yakimpita, ni hotuba tosha.

4. SIKU MAJI MANNE YALIPOKUTANA

Sherehe kubwa kupita zote ilikuwa mwaka 2011. Safari hiyo hawakuzunguka ziwa moja. Walichota maji ya chumvi katika pande nne: mashariki kutoka Bahari ya Atlantiki huko Machias, Maine, magharibi kutoka upande wa Bahari ya Pasifiki huko Olympia, Washington, kusini kutoka Ghuba ya Meksiko huko Gulfport, Mississippi, na kaskazini kutoka Ghuba ya Hudson huko Churchill, Kanada. Makundi manne, ndoo nne, wote wakielekea mahali pamoja, Bad River, katika jimbo la Wisconsin, kando ya Ziwa Superior.

Tarehe 12 Juni 2011 makundi hayo yalikutana. Watu wa jamii nyingi walikusanyika ufukoni kuwapokea, na maji ya pande nne yakachanganywa na kumiminwa ziwani. Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Ndoo nne haziongezi kitu katika ziwa kubwa namna ile. Lakini kila aliyekuwa ufukoni aliona kwa macho yake kwamba maji ya dunia ni mamoja, na kwamba aliyeyaleta kwa miguu ni mwanamke wa kabila lililodharauliwa.

Wanawake wengine walifuata njia hiyo. Mwaka 2013 Mama Sharon Day, Mwojibwe wa Minnesota, aliongoza matembezi ya kuufuata mto Mississippi tangu chanzo chake katika Ziwa Itasca mpaka baharini. Walichota maji safi ya chanzo na kuyabeba njia yote, ili mto ambao umechafuka kwa mbolea na takataka za viwanda uonjeshwe tena jinsi ulivyokuwa ulipozaliwa.

5. KWA NINI WANAWAKE?

Waanishinaabe wana jibu lao. Wanasema kila mtu, kabla ya kuzaliwa, amekaa miezi tisa ndani ya maji, tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo mwanamke ndiye mlinzi wa maji, na kuyasemea ni wajibu wake.

Lakini kuna historia nyingine ambayo tusipoijua hatutaelewa uzito wa jambo hili. Sheria ya Kanada ya mwaka 1876 juu ya wenyeji wa asili iliweka mabaraza ya kuchaguliwa, na ikasema wapiga kura ni wanaume tu. Mpaka mwaka 1951 wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura wala kuchaguliwa katika mabaraza ya jamii zao. Tena mwanamke akiolewa na mtu asiye wa wenyeji wa asili alifutwa katika orodha ya kabila lake, lakini mwanamume aliyeoa mgeni hakufutwa. Mama Jeannette Corbiere Lavell, wa kijiji kile kile cha Wikwemikong, alipeleka jambo hilo mahakamani akashindwa katika Mahakama Kuu mwaka 1973. Mama Sandra Lovelace, wa kabila la Wamaliseet, alilifikisha Umoja wa Mataifa, nao wakampa haki mwaka 1981. Sheria ikabadilishwa mwaka 1985.

Kwa hiyo mwanamke aliyeinua ndoo mwaka 2003 alikuwa anainua pia sauti iliyonyamazishwa kwa sheria. Hatusemi kwamba wanawake wale walijifunza uongozi kutoka kwa wageni. Walikuwa nao, ukanyang'anywa, nao wakaurudisha.

Hapa Mkristo mmoja anaweza kuuliza: je, tujifunze kwa watu wanaoyaombea maji? Tunajibu kwa unyenyekevu. Sisi tunamwabudu aliyeumba maji. Lakini tukumbuke pia kwamba huko Kanada zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji wa asili walipelekwa katika shule za bweni, ambazo nyingi ziliendeshwa na makanisa, wakakatazwa lugha za mama zao. Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Kanisa lililowanyima watu hao sauti linaweza leo kukaa kimya kidogo na kuwasikiliza.

Wala Biblia haitunyimi mfano. Someni Kutoka sura ya 2, habari za mabinti wa kuhani wa Midiani. Wao ndio waliochota maji na kujaza mabirika, kisha wachungaji wakaja kuwafukuza. Musa, ambaye wakati huo alikuwa mkimbizi kama sisi, alisimama akawasaidia. Waliporudi, baba yao alishangaa kuona wamewahi. Maana yake ni nini? Kufukuzwa kulikuwa jambo la kila siku, mpaka kuchelewa kulionekana kawaida. Akina baba, binti yako anapochelewa robineni, wewe umeshazoea?

6. MATUNDA, NA KAZI ILIYOBAKI

Matembezi hayakuishia barabarani. Mwaka 2007 umoja wa jamii za Waanishinaabe wa Ontario uliunda tume ya wanawake ya maji, na Mama Mandamin akawa kamishna mkuu. Aliyebeba ndoo akapewa kiti.

Alipofariki, kazi hiyo ilipokelewa mwaka huo huo wa 2019 na Autumn Peltier, binti wa ukoo wake, akiwa na umri wa miaka 14 tu. Alipokuwa mtoto wa miaka 8 hivi alikuwa ameona katika jamii jirani tangazo la kuwaonya watu wasinywe maji, akamwuliza mama yake maana yake. Mwaka 2016, akiwa na miaka 12, alimwambia Waziri Mkuu wa Kanada uso kwa uso kwamba hafurahii maamuzi yake. Mwaka 2018 alisema mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Ndivyo ndoo inavyopita kutoka mkono hadi mkono.

Mwaka 2021 serikali ya Kanada ilikubali kutoa dola bilioni 8 za nchi hiyo ili kumaliza kesi zilizoletwa na jamii za wenyeji wa asili juu ya maji machafu. Mmoja wa walioongoza kesi hizo alikuwa chifu mwanamke, Emily Whetung wa Curve Lake.

Je, shida imekwisha? Hapana. Jamii ya Neskantaga iliambiwa ichemshe maji mwaka 1995, na zaidi ya miaka 25 ikapita ikiwa bado katika hali hiyo. Watoto walizaliwa, wakakua na kuoa bila kunywa maji ya bomba. Matembezi peke yake hayasafishi mto. Yanachofanya ni kumleta anayeujua mto mbele ya mwenye kuamua.

7. SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa kambini, ni nani anayejua saa robine inapoanza kutoa maji na saa inapokauka? Ni nani anayejua ni bidoni ngapi zimepangwa foleni tangu saa kumi za usiku, na ni njia gani msichana hapaswi kupita peke yake gizani? Ni mama na binti. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na shingo iliyoibeba ina taarifa kamili kuliko daftari la mkutano.

Lakini mkutano wa maji unapoitwa, mara nyingi ni akina baba wanaokuja na viatu safi, na mkutano unawekwa asubuhi, saa ile ile akina mama wako foleni. Kisha tunaandika kwamba akina mama walialikwa lakini hawakuja.

Wako watakaosema kuku jike hawiki mbele ya jogoo. Sawa. Lakini jogoo anapowika alfajiri, ni nani ameshakwenda kuchota? Tunapendekeza mambo manne:

(a) Katika kila kamati ya robine, nusu ya wajumbe wawe watu wanaobeba maji wenyewe, na saa ya mkutano ichaguliwe na hao.

(b) Tujue haki zetu kwa hesabu. Vipimo vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada, vinasema kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, robine moja isizidi watu 250, umbali kutoka nyumbani usizidi mita 500, na foleni isizidi dakika 30. Vijana wetu waliosoma, saidieni mama zenu kuandika hesabu hizo kwa muda wa wiki moja. Lalamiko lenye hesabu linasikilizwa kuliko kelele.

(c) Akina baba, shikeni fimbo ya kusindikiza. Msindikizeni binti alfajiri, tengenezeni uzio wa robine, chimbeni mfereji wa kuondoa maji yaliyotuama. Hiyo ni heshima, si aibu.

(d) Tarehe 22 Machi ni Siku ya Maji Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1993. Mwaka ujao tutembee pamoja kutoka chanzo cha maji mpaka robine ya mwisho. Siku hiyo akina baba wabebe bidoni iliyojaa, njia nzima, bila kuitua chini. Tukifika, mama mzee kuliko wote aseme kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika robine unayotumia, ni nani anaamua, na ni nani anabeba? Je, ni watu wale wale?

2. Kwa nini wanawake wa Waanishinaabe hawakuiacha ndoo isimame? Sisi tunawezaje kupokezana mzigo?

3. Mzee aliuliza: mtafanya nini? Kila mmoja ajibu kwa jambo moja analoweza kulifanya mwezi huu.

4. Watu wa Shoal Lake walikosa maji safi wakati maji yao yalinywewa mjini. Je, kuna jirani yetu, mwenyeji au mkimbizi, anayekosa kwa sababu sisi tunapata?

5. Wambuti na Watwa walio kati yetu, je, tumewahi kuwauliza lolote juu ya maji na msitu?

Wapendwa, tukitoka hapa kila mmoja ana robine yake ya kuendea. Baba, kesho asubuhi uliza nyumbani kwako maji yamepatikanaje leo, kisha nyamaza usikilize mpaka mwisho. Mungu awabariki nyote. Amina.